Tushauri Bwawa Lifukiwe

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha Kamati leo. Tumeshindwa tena. Naandika tumeshindwa ingawa hakuna aliyetupinga, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu akikupinga unajua pa kumshika. Afisa Mazingira wa Jiji hapingi. Anasikiliza mpaka mwisho, anatoa mhuri kwenye mkoba, anaupuliza, anaugonga: IMEPOKELEWA. Kisha anasema kwa upole, "Tumepokea." Basi. Tunamwita Mama Tumepokea, lakini si mbele yake.

Sisi ni Kamati ya Ushauri wa Wananchi kuhusu Mazingira. Jina refu kuliko mamlaka yetu. Mimi ni fundi friji. Ni katibu wa Kamati kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa peke yangu mwenye kalamu. Kazi yetu ni kushauri, kazi ya Jiji ni kupokea. Ushauri ukishapokelewa unakwenda wapi? Hilo linanikereketa. Nipe friji yoyote nitakuonyesha baridi inapopita. Ushauri wetu sijui unapita wapi.

Ajenda ilikuwa bwawa. Mhandisi wa Barabara anataka lijazwe kifusi liwe maegesho ya malori. Sisi tumeshauri mara chungu nzima liachwe. Pembeni mwa bwawa hilo ndipo mke wangu alipo na kitalu chake cha miche. Maji anachota pale pale kwa ndoo. Bila bwawa hakuna kitalu. Bila kitalu mke wangu hana kazi, na atakuwa nyumbani kutwa akinitazama ninavyofanya yangu. Mambo mawili mazito.

Jioni aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia imepokelewa. Akauliza kwa nini nisimwendee yule mama nikamuuliza anaufanyia nini ushauri wetu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Adui haulizwi mipango yake. Mke wangu ni hodari wa miche, lakini siasa haijui.

Jumanne, 4 Juni

Siku kubwa. Nimegundua Kanuni.

Nilikuwa karakanani, kichwa kimo ndani ya friji ya mwenye bucha, nikiwaza mambo ya Jiji. Nikaanza kukumbuka ushauri wetu mmoja mmoja. Tulishauri mapipa ya taka yaongezwe sokoni. Wakaliondoa hata lile moja lililokuwepo. Tulishauri moshi wa dampo upungue. Wakachimba shimo la pili la kuchomea. Tulishauri miti ipandwe barabara ya uwanja wa mpira. Wakapanda nguzo, kila nguzo na bango la sabuni.

Nikatoa kichwa. Nikajigonga. Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Hawa watu hawatupuuzi kamwe. Wanatusikiliza kwa makini, kisha wanafanya kinyume! Kumbe tumeshika usukani miaka yote hii, ila tunauzungusha upande usiofaa.

Nimeiita Kanuni ya Kinyume. Si ajabu kwa fundi friji. Friji haitengenezi baridi, watu wengi hawalijui hili. Inatoa joto nje, na ndani panabaki baridi. Ukitaka ndani pawe hivi, unashughulika na kile. Ni sayansi.

Sayansi inataka majaribio. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayo ngazi yangu aliyoiazima zamani. Yeye ni dereva wa lori la Jiji. Leo nilimkuta njiani nikamkazia macho, nikamwambia kaa na ile ngazi, usithubutu kuirudisha. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Akasema siku moja atanilipa wema huu.

Ngazi hajarudisha. Matokeo: Kanuni haifanyi kazi kwa jamaa. Nadhani inaanzia kwenye meza ya ofisi.

Alhamisi, 6 Juni

Bahati imenifuata yenyewe. Friji ya ofisi ya Jiji imekufa, wakaniita mimi. Nilivaa ovaroli safi nikaenda kama jasusi.

Ugonjwa wa friji niliuona mara moja. Waya umetafunwa na panya. Nikasema kazi hii itachukua muda, kwanza inabidi nijue umeme wa jengo unakotoka. Nikazunguka. Mlango kwa mlango nikichungulia soketi.

Chumba cha Mhandisi: ramani ukuta mzima, na bwawa letu limeshapakwa rangi ya kijivu. Mtu wa haraka. Aliniuliza natafuta nini, nikasema ethi, waya wa ardhini. Akaniambia ethi haiko ukutani kwake.

Chumba cha Mama Tumepokea ndicho kilichonistaajabisha. Faili mpaka dirishani. Na juu ya kizingiti cha dirisha, chupa kubwa ya kioo, ndani yake maji ya kijani, na ndani ya maji viluwiluwi. Hai. Wengine wameanza kuota miguu ya nyuma. Kuna na kijani kidogo wanachokula, na karatasi imewekwa upande wa jua wasiungue.

Nilisimama pale nimesahau hata bisibisi. Mtu anayetaka kufukia bwawa, viluwiluwi ni wa nini? Nimelitafakari siku nzima. Nina majibu mawili. Ama anawachunguza ajue watakufa baada ya muda gani, ama anahifadhi kidogo kwa kumbukumbu, kama mwindaji anavyotundika pembe. Yote mawili yananitia baridi.

Yeye mwenyewe aliingia akanikuta. Akauliza, "Fundi, unawapenda?" Nikajibu kwamba natafuta ethi. Sikutaka kufungua kinywa zaidi. Akataka kusema jambo, akaangalia mlangoni kwa Mhandisi, akanyamaza. Nimeandika hilo hapa kwa sababu ni la ajabu.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akasema huenda yule mama anawapenda vyura tu. Nimemsamehe.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimemwendea Mwenyekiti. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kugonga kijiko kwenye glasi mtu akipitisha dakika zake. Ameongoza Kamati tangu ianzishwe na ana hamu moja tu ya uzeeni: Jiji lifuate ushauri wake hata mara moja. Sebuleni kwake kuna msumari mtupu ukutani. Anasema ni wa barua hiyo, siku ikija.

Nikamweleza Kanuni. Alipinga kwanza. Nikamtajia mapipa, nikamtajia nguzo. Akauma mdomo. Nikamweleza friji inavyofanya kazi. Akaomba nirudie. Nikarudia kwa kuchora. Mwisho nikamwambia mpango: Jumatatu kuna kikao cha mwisho kuhusu bwawa. Safari hii tushauri lifukiwe. Mara moja, bila kuchelewa, na kifusi kingi. Wao kwa ukaidi wao watalizungushia ua na kuweka viti.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Akauliza, na kama wakikubali? Nikamuuliza wamewahi? Akautazama msumari wake mtupu. Akasema atawaeleza wajumbe kimya kimya, maana biskuti za kikao zikishafika hakuna anayesikiliza.

Mke wangu aliniona nikitabasamu mezani. Akauliza kuna nini. Nikasema mambo ya gesi.

Jumatatu, 10 Juni

Imekwenda kama nilivyopanga. Au karibu hivyo.

Nilisoma mimi mwenyewe, kwa sauti nzito. Kamati inashauri bwawa lifukiwe. Mikono ikapanda yote, mingine ikiwa na biskuti. Nikamtazama Mama Tumepokea nikitarajia mhuri. Mhuri hakuutoa.

Kisha akauliza kama tuna uhakika. Hajawahi kutuuliza kitu tangu tumjue. Akauliza tena, akinitazama mimi, kama nimeelewa nilichokisoma. Nikajibu kwamba Kamati huelewa kila inachokisoma. Akasema tunaweza kuahirisha. Mwenyekiti akagonga kijiko. Akautoa mhuri polepole, akasahau kuupuliza, na alama ikatoka hafifu. Hakusema tumepokea. Alichukua mkoba akatoka.

Nilijiambia nimemwacha ameduwaa. Nilijiambia hivyo mara kadhaa njiani.

Jambo moja halikukaa sawa. Mlangoni nilikutana na Mhandisi, ambaye hajawahi kukanyaga kikao chetu. Alinipa mkono. Akasema hatimaye wananchi wameona mbali. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa geti. Nadhani anaigiza.

Jumanne, 11 Juni

Haigizi.

Tangazo liko kwenye ubao wa ofisi ya Jiji tangu asubuhi. Jiji linaishukuru Kamati kwa ushauri wake wa busara na limeukubali wote bila kubadili neno. Malori yataanza kumwaga kifusi Jumamosi.

Nilisoma nikidhani nimekosea ubao. Nikasoma tena. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi kama mtu anayengoja cheti cha kifo. Hawajawahi kukubali hata pipa la taka. Wangeanza leo?

Mwenyekiti alinipigia simu. Nikajua nimekwisha. Kumbe anashangilia. Wamemletea barua yenye nembo. Anasema "limeukubali wote", anarudia "wote", ameshampelekea seremala aiwekee fremu. Nikamkumbusha kwamba barua inasema bwawa linafukiwa. Akasema naam, hilo ni la kusikitisha, lakini fremu itakuwa ya mninga.

Mke wangu alirudi jioni akiwa hana rangi. Tangazo ameliona. Alikaa kitandani na buti zake za kitaluni, jambo asilofanya. Akasema ana miche ya mipera aliyoibebesha mwenyewe, kikonyo cha mpera mmoja juu ya shina la mwingine, ndiyo kwanza imeshika, haiwezi kuhamishwa sasa. Akauliza ni nani katika Kamati yetu aliyeleta wazo hilo. Nikasema wenzangu. Akauliza wenzangu gani. Nikasema nasikia harufu ya kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na kitu jikoni. Nilikaa huko hata hivyo, nikaona haya peke yangu.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mama Tumepokea. Nilichukua mfuko wa vifaa nijifanye nimekuja kukagua friji. Akaniambia friji ni nzima, kaa.

Nimekaa. Nimesikia mambo. Naandika kama alivyoyasema, maana bado yananizunguka kichwani.

Alisema bwawa la Jiji halifukiwi bila ridhaa ya Kamati yetu. Ndivyo sheria ndogo zinavyosema. Mapipa, dampo na miti hayo hayahitaji ridhaa ya mtu, na huko Mhandisi alimshinda kila mara. Kwa bwawa peke yake ndiko hajamshinda. Kila Mhandisi alipokuja na ramani yake, yeye alitoa ushauri wetu ulio na mhuri, akauweka mezani, na Mhandisi akarudi alikotoka. "Kila mhuri niliougonga, Fundi, ulikuwa kufuli. Jumatatu mmenipa ufunguo mkaniambia fungua."

Nikauliza kwa nini hakutuambia. Akasema iko kwenye mwongozo wa wajumbe, ukurasa wa kwanza kabisa. Mwongozo huo ninao. Umekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza ya karakana, na meza haijawahi kutulia vizuri hivyo.

Nikauliza basi kwa nini asiseme chochote zaidi ya tumepokea. Akasema akionekana anatushangilia, siku ya pili watamhamishia idara ya vibali vya mabango. Tumepokea ndilo neno pekee ambalo hakuna wa kumshika nalo. Tena akasema, "Hata hivyo hamkuuliza. Mnaingia mmefura, mnasoma, mnakula biskuti, mnaondoka." Biskuti ni kweli.

Nikamuuliza kuhusu viluwiluwi. Hilo lilinitoka tu. Akacheka kwa mara ya kwanza. Aliwachota bwawani ili apate kuona miguu inavyoota, kwa sababu tangu shule alisoma kwamba inaota na hajawahi kushuhudia. Miguu ya mbele hutoka kwa ghafla, anasema, asubuhi haipo na mchana ipo. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini nilikumbuka nimekuja kuomba msamaha.

Dawa ipo. Ameitisha kikao cha dharura Ijumaa. Malori ni Jumamosi. Kamati ikitengua ushauri wake, kufuli linarudi. Sharti moja: aliyeleta hoja asimame mbele ya wote, aseme hoja ilikuwa yake na aeleze sababu. Kikao ni cha wazi. Wananchi wa jirani na bwawa wataalikwa. Nikauliza wa jirani kama nani. Akasema kama mwenye kile kitalu cha miche, hasa yeye.

Nimetoka pale nimelowa jasho. Kusimama mbele ya mke wangu niseme mimi ndiye? Lazima kuna njia nyingine.

Ipo! Nimekutana na shemeji. Lori la Jumamosi amepewa yeye. Ameonyesha karatasi ya kazi, imesainiwa. Basi huyu si jamaa tena, ni mtu wa ofisi, na Kanuni inamhusu. Nikamkazia macho. Nikamwambia shemeji usisubiri Jumamosi, ukiweza leta kifusi hata kesho asubuhi, tena kingi. Alinitazama akashangaa. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Sasa atachelewa mpaka wiki ijayo, na huenda isinilazimu kusimama popote.

Alhamisi, 13 Juni

Sina hamu ya kuandika.

Amemwaga. Aliazima lori kabla ya zamu, akajaza kifusi kule wanakovunja kantini ya zamani, akaja bwawani alfajiri kunifurahisha. Anasema ngazi ile ilimgusa sana, na alikuwa akitafuta namna ya kunilipa.

Nilikimbia nikakuta lundo. Matofali, saruji, kipande cha sinki. Nusu imeingia majini. Nusu imelala juu ya kitalu, upande wa mipera. Mke wangu alikuwa amepiga magoti akitoa miche kwa mikono, mmoja mmoja, akiinua, akitazama mizizi, akiweka kando. Mingi hakuwa anaiweka kando. Vyura walikuwa wamekaa juu ya matofali wakitutazama.

Alimuuliza kaka yake ni nani aliyemtuma kabla ya siku. Shemeji akajibu kwa moyo mweupe, "Si shemeji mwenyewe! Alisema hata kesho, tena kingi." Mke wangu alisimama, akanitazama, akarudi kupiga magoti. Angenifokea ningejua la kufanya. Nilipiga magoti na mimi upande wa pili wa lundo. Baada ya kitambo akaniuliza bila kuinua kichwa kama na lile tangazo ni langu pia. Nikasema ndiyo.

Niliumia. Naliandika kama lilivyo. Mche mmoja ulikuwa bado umefungwa kitambaa pale alipoubebesha, na kitambaa kilikuwa kipande cha shati langu la zamani. Umekatika juu ya fundo.

Ijumaa, 14 Juni

Kikao cha dharura. Ukumbi umejaa. Mke wangu mstari wa mbele, buti za kitaluni miguuni. Mhandisi pembeni na ramani imekunjwa kwapani. Mama Tumepokea mezani, uso mkavu.

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikaanza kueleza kwamba katika uchapaji wa ushauri kulitokea kasoro fulani, silabi "si" ikadondoka katika "lisifukiwe". Mke wangu akakohoa. Kikohozi kifupi. Nikasema, au tuseme baadhi ya wajumbe walipitiwa. Akakohoa tena.

Nikapiga moyo konde nikasema yote. Kwamba hoja ni yangu. Kwamba nilidhani Jiji hufanya kinyume cha tunachoshauri. Kwamba nilieleza kwa mfano wa friji. Hapo ukumbi uliangua kicheko, na hata Mhandisi alicheka. Nikasema pia kwamba kifusi kilichomwagwa ni mimi niliyemhimiza dereva, asilaumiwe. Na kwamba mwongozo sikuusoma. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilipokaa, mke wangu hakunitazama, lakini alisogeza mkoba wake nipate nafasi.

Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya chini, kama kutengua ushauri kuna maana kwamba na barua inarudishwa. Mama Tumepokea akasema ndiyo. Fremu ilikuwa imeshatundikwa. Alizungusha kijiko mkononi. Mikono ya wajumbe ikapanda, wake ukaja mwisho, nusu, kisha wote. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Mhuri ukatolewa. Ukapulizwa vizuri. IMEPOKELEWA. "Tumepokea," akasema, na safari hii alikuwa akimtazama Mhandisi. Mhandisi aliondoka na ramani yake.

Bwawa limebaki. Kifusi nacho kimebaki. Nilipouliza nani atakiondoa, karani wa Jiji alifungua kitabu akasoma kwamba Jiji haliondoi kifusi kilicholetwa kwa ombi la mwananchi. Mama Tumepokea alisema hilo hawezi kulisaidia. Alijaribu kutotabasamu.

Jumamosi, 15 Juni

Toroli. Siku nzima. Kutoka bwawani mpaka shimo la barabarani, kurudi, kwenda. Sinki lile lina uzito wa ng'ombe. Kompresa ya friji sasa naiona mto wa kulalia.

Mke wangu ameokoa mipera michache. Ameifunga upya, safari hii kwa kipande cha shati langu jipya. Hakuniomba ruhusa na sikuuliza.

Mchana Mama Tumepokea alikuja, bila mhuri, amevaa kanda mbili. Amekuja na ile chupa. Miguu ya mbele imetoka kwa wote, mikia imebaki kidogo. Mke wangu akashuka naye mpaka ukingoni, wakainamisha chupa pamoja wakisimuliana kama waliosoma darasa moja. Nikaacha toroli nikaenda kutazama. Mmoja alikataa kutoka. Akakaa kwenye mdomo wa chupa, mkia ndani, kichwa nje, anawaza. Tulimngoja wote watatu. Nilisahau mgongo.

Nilimuuliza maswali mengi. Mkia unakwenda wapi? Hukatika? Akasema hapana, unaingia mwilini, anaula polepole kutoka ndani. Sikuamini jambo zuri namna hiyo lilikuwa linatokea nyuma ya kitalu muda wote.

Alipoaga alisema, "Fundi, ukiwa na swali siku nyingine, uliza tu." Mke wangu akaongeza kwamba amekuwa akiniambia hilo tangu mwanzo wa mwezi. Wote wawili wakanitazama. Nikasema, "Nimepokea."

Jumapili, 16 Juni

Mgongo hausikii dawa. Lundo limepungua kidogo tu, na mke wangu amesema sitafungua karakana mpaka ardhi ya kitalu ionekane.

Amesema pia nimwombe kaka yake aje anisaidie. Eti nimwombe tu, kwa maneno ya kawaida, atakuja kwa sababu kifusi ni chetu wote. Nilimsikiliza kwa heshima. Mke wangu ana moyo safi.

Ila nimelifikiria jambo hili nikiwa nimelala kifudifudi, na nimeona kosa lilipokuwa. Kanuni haina kasoro. Friji ikikataa kupoa hatusemi baridi haipo, tunasema gesi ilitiwa vibaya. Mimi nilitumia ukali kidogo mno. Shemeji aliona nacheka kwa ndani, akanidhania mwema. Kwa Jiji nako nilitumia sauti nzito, lakini sikukunja uso. Kikao kijacho ajenda ni dampo. Nimeshapata cha kushauri kuhusu moshi, na nimeanza kufanya mazoezi ya uso mbele ya kioo.

Jioni nimekwenda mpaka kwa shemeji. Nimekunja uso wote. Nimemwambia asithubutu kukanyaga bwawani kesho, asije na toroli, asimlete mtu wa kunisaidia, na ile ngazi akae nayo mpaka azeeke nayo. Ametoka nje kunisindikiza. Amenishika mkono kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka, akasema hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama wangu.

Nimefagia pale karakanani ngazi itakapokaa. Kesho nitamngoja bwawani mapema.